Bwana Harusi wa Mkono wa Kushoto

Tangazo rasmi. Mimi, Mbelu Badibanga, Mkaguzi Mkuu wa filimu zote zinazoonyeshwa katika kambi ya wafanyakazi hapa Kolwezi, nawatangazia wasomaji wapenzi kwamba mwaka huu wa 1957 nimeona filimu saba, nimezipima kwa haki bila upendeleo, na hukumu zangu zimesomwa na watu wa kila rika, kuanzia wachimbaji mpaka padri msaidizi.

Cheo hicho nilijipa mwenyewe, nikiwa nimekalia debe tupu la mafuta ya mawese. Nina miaka kumi na mitano. Niko likizo kutoka shule ya bweni ya masista. Hukumu zangu niliziandika kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi nilizochana katika daftari la hesabu, nikazibandika kwa uji wa muhogo kwenye ubao wa matangazo wa serkle, Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado kanisani. Serkle ni nyumba ya starehe ya wafanyakazi: ina redio, ina meza nne, na ina uwanja ambapo Jumamosi jua likizama shuka kubwa jeupe hutandazwa kati ya nguzo mbili na filimu huanza. Jina langu sikuliandika. Nilitia saini moja tu: JICHO, kwa herufi kubwa kama zile za magunia ya posho, ili mwandiko usinisaliti.

Nilikuwa mkali lakini mwenye huruma. Kuhusu filimu ya wezi wa ng'ombe niliandika kwamba yule mwizi mwenye sharubu alikufa vibaya sana hata nikamlilia, halafu Jumamosi iliyofuata nikamwona katika filimu nyingine anauza kofia dukani, mzima wa afya, hana hata kovu. Nikadai nirudishiwe machozi yangu. Kuhusu filimu ya nesi na rubani niliandika kwamba nesi aliinua uso, rubani akainamisha uso, halafu picha ikaruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, na papo hapo wakawa na mtoto anayetembea. Kambi nzima inajua kwamba kuna mzungu mwenye mkasi anayekata mabusu kabla filimu hazijatufikia sisi. Mimi niliuliza tu: anayaweka wapi?

Watu walicheka. Kwenye bomba la maji, wanawake wasiojua kusoma waliwaita watoto wa shule wawasomee Jicho amesema nini wiki hii. Nami nilipita na ndoo yangu kichwani, uso mkavu kama wa sista mkuu, moyo ukiruka ndani. Nilifurahi sana. Furaha hiyo ndiyo iliyomvunja dada yangu.

Dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, ni Simone. Alikuwa na miaka ishirini, na kila Alhamisi alifundisha kushona kwenye fuaye, jumba ambamo wake za wafanyakazi hujifunza mambo ya nyumba. Na mwanaume aliyempenda alikuwa Polycarpe Kisimba, sauti ya filimu. Nieleze. Filimu zinasema Kifaransa. Kambi inasema Kiswahili. Kati ya lugha hizo mbili alisimama Polycarpe, kijana mrefu mwenye suruali moja nzuri na maikrofoni ya serkle, akifasiri. Alikuwa polisi, alikuwa mwizi, alikuwa farasi ilipobidi. Alipokuwa mwanamke anayelia, hata wanaume waliokunywa walinyamaza.

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya filimu ya mjane na mpanda farasi. Mjane alisimama dirishani, akamwambia mpanda farasi kwa Kifaransa safi ambacho hata mimi nilikielewa: ondoka, sitaki kukuona tena. Polycarpe akavuta pumzi.

"Mujane anasema: siku ya ine, kisha kufundisha bamama kushona, nitapita ku njia ya reli. Uningoye pale."

Siku ya ine ni Alhamisi. Umati ukakubali, maana umati hukubali lolote linalotoka kwenye maikrofoni. Mzee mmoja tu aliuliza kwa sauti: "Reli iko wapi? Mi naona farasi tu!" Watu wa benchi la tatu wanasema kwamba Simone aliangalia mikono yake na hakuinua kichwa mpaka mjane alipotoka dirishani.

Nami asubuhi nikaandika hukumu yangu ya saba. Hiyo ndiyo hukumu iliyochekesha kuliko zote, na kwa mara ya kwanza watu hawakuicheka filimu.

Jumapili hiyo hiyo, saa tisa mchana, Polycarpe alikuwa anakuja na mjomba wake kumposa Simone kwa tata, yaani baba yetu. Siku ilikuwa imepangwa wiki tatu nyuma. Mama alichinja kuku wawili. Simone alisimama jikoni akipiga pasi blauzi ambayo tayari alikuwa ameipiga pasi mara mbili.

"Mbelu, angalia. Kola inakaa bulongo, inakaa muzuri?"

"Inakaa sawa ya mutu anaenda kupigwa picha ya pasipoti."

"We mutoto! Ile mudomo itakuletea matata."

"Yaya, na kama tata anakataa?"

Aliweka pasi juu ya kigae. Nje, upepo ulileta vumbi jekundu kutoka mashimoni na mama alikuwa anafunika vyungu huku akigombana na kuku wa jirani.

"Hatakataa. Alimupatia mama neno yake. Tata akisema, amesema."

"Na Tata Ngeleka?"

"Ngeleka!" Akacheka, akaziba mdomo. Ngeleka alikuwa karani mwenzake baba, mtu wa Kasai kama sisi, aliyefiwa na mke, mwenye baiskeli na kikohozi, naye pia alimtaka Simone. "Ngeleka eko na mutoto mwanamuke mukubwa kunipita mi. Nitamuita nani, mutoto ao yaya?"

Halafu akanisogelea. Alinukia sabuni na moshi wa makaa. Macho yake yalikuwa yanang'aa namna ambayo sikuwahi kuiona yakiniangalia mimi.

"Polycarpe alisemaka, siku tutaoana, ataleta benchi mu nyumba na atanifasiria filimu mi peke. Na pale picha inarukaka..." Akasita.

"Pale bazungu banakata?"

"Pale. Alisema ataniambia kunakuwaka nini."

"Ataniambia na mi?"

"Weye utauliza bamasista!" Akanipiga kofi la mgongo, akatoka na blauzi yake mkononi kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

Baba yetu, Tata Badibanga Louis, alirudi kutoka serkle saa nane na nusu. Alivua kofia, akaingia sebuleni. Katika mfuko wa koti lake niliona ncha ya karatasi yenye mistari ya daftari la hesabu, na kwenye ncha hiyo uji wangu wa muhogo ulikuwa haujakauka.

Mkaguzi Mkuu alikwenda kujificha nyuma ya pazia la chumba cha kulala.

Walifika kwa wakati. Polycarpe alikuwa amevaa suruali yake nzuri na tai ya kuazima. Mjomba wake, Tata Mukalay, mzee kutoka kaskazini ya Katanga, aliweka kofia juu ya goti na kuishika kwa vidole vitatu. Mama alileta maji ya kunawa. Baba akamwonyesha kwa mkono aondoe beseni.

"Kwanza tusome," akasema.

"Tusome nini, Tata Badibanga?" akauliza mjomba. "Siye tulikuja na mudomo tu. Barua hatukuleta."

"Barua ilikuwa ku ubao wa serkle. Kambi nzima imesoma. Sasa na siye tusome."

Akaikunjua karatasi. Alisoma polepole, kwa sauti ile anayosomea majina ya wafanyakazi kazini, bila kupandisha wala kushusha.

"'Jicho limeona filimu ya mjane. Mjane huyu ni fundi wa ajabu. Kwa Kifaransa anamfukuza mwanaume, kwa Kiswahili anampa miadi Alhamisi kwenye njia ya reli, akimaliza kufundisha kushona. Nilitafuta cherehani filimu nzima, sikuiona. Bwana mfasiri atuambie: mjane huyu anakaa safu ya ngapi hapa kambini?'"

Mama aliketi chini palepale alipokuwa. Simone, aliyekuwa mlangoni na sinia la glasi, hakusogea. Glasi ndizo zilizosogea. Zilianza kugongana kidogo kidogo.

"Tata Mukalay," baba akasema, "mutoto yangu njo yeye anafundisha kushona siku ya ine. Hakuna mwingine. Asubui hii, ku mulango ya kanisa, mutu mumoja aliniuliza kama nimenunua farasi."

Polycarpe alisimama.

"Tata, ile maneno ku maikrofoni ilikuwa yangu. Sitakana. Nilikosa, na minaomba musamaa. Hatukukuwa na fasi ingine ya kusemea. Nikimuona ku njia, bantu bananiangalia. Nikimuandikia barua, mutu ataifungua. Njo nikasema mbele ya bantu bote, ili hata mumoja asisikie."

"Na karatasi?"

"Karatasi sikuandika."

"Basi nani?" Baba hakupaza sauti. "Mu ile uwanja, bantu banasikia Kiswahili yako tu. Ile aliandika hapa alisikia Kifaransa ya mujane, na akashika Kiswahili yako neno kwa neno. Mi najua karani mbili ao tatu benye kusikia Kifaransa vile, na bote banaonaka filimu ya bazungu kule mu muji. Hapa, ni weye. Uliandika ili kambi yote ijue Simone eko wako, na mi nishindwe kukataa. Ulimubandika mutoto yangu ku ubao sawa tangazo ya posho."

"Tata, minaapa..."

"Soma mwenyewe. Soma yote mpaka mwisho."

Polycarpe alipokea karatasi kwa mikono miwili. Kwa mwanga wa dirisha nilimwona akisoma, midomo ikitembea, kwa mazoea ya kazi yake. Alifika chini, palipokuwa na aya ambayo mimi niliiona kuwa tamu kuliko zote:

"Mwisho, mpanda farasi alimsalimia baba mkwe wake kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono huo huo akamvika mjane pete. Kwetu Kasai, bwana harusi wa namna hiyo angefika mlangoni akaambiwa viti vimekwisha."

Hapo midomo yake ikasimama. Alirudia mstari. Kisha aliinua macho, akayapitisha juu ya kichwa cha baba, juu ya picha ya Bikira Maria, mpaka yakatua kwenye pazia langu.

Sasa ni lazima niseme jambo ambalo Jicho halikuwahi kuliandika. Masista wametukataza sinema. Msichana wa bweni akionekana uwanjani, hata kama ni likizo, harudi tena shuleni. Kwa hiyo filimu zote saba nilizitazama kutoka nyuma ya shuka, upande wa choo, nimekalia debe langu. Picha hupenya upande ule pia. Ila hupenya ikiwa imegeuka. Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba wazungu wa filimu wote ni watu wa mashoto, wanakula kwa kushoto, wanapiga bastola kwa kushoto, na kwamba maandishi ya maduka yao ni Kiingereza, na Kiingereza kina herufi ngumu sana. Bwenini niliwafundisha wenzangu jambo hilo kwa uhakika mkubwa.

Mtu mmoja tu alijua mahali pangu. Jumamosi ya kwanza ya likizo Polycarpe alikuja nyuma kukaza kamba ya shuka, akanikuta. "Weye njo mudogo wa Simone?" Nikaitikia kwa kichwa, tayari kukimbia. "Kaa. Lakini kikohozi uache ku nyumba." Tangu siku hiyo, kila nilipofika nilikuta konzi ya karanga juu ya debe, zimefungwa kwenye kipande cha karatasi.

Sebuleni, Polycarpe alikunja ukurasa wangu mara mbili, akauweka mezani.

Simone alikuwa ameweka sinia chini. Alimwendea mpaka wakawa wanatazamana kama mjane na mpanda farasi, ila hapa hapakuwa na mkasi wa kutuokoa.

"Polycarpe. Niangalie. Ni weye?"

"Hapana, Simone."

"Unajua ni nani?"

Polycarpe alilegeza tai yake ya kuazima.

"Unajua. Minaona macho yako. Ulikuwa haujue, na sasa unajua."

"Minajua."

"Sema."

"Siwezi."

"Juu ya nini?"

"Juu si mi wa kusema." Na tena akalitazama pazia. Hakukunja uso. Alitazama kwa namna ya mtu anayemshikia mwenzake mlango apite.

Kutoka pazia hadi meza ni hatua nne. Nimezipima baadaye. Mkaguzi Mkuu alikuwa ameshika kitambaa cha pazia kwa meno, akiwaza bweni, akiwaza kitanda chake cha chuma namba kumi na tisa, akiwaza sista mkuu akimfungia sanduku. Nilijiambia: nitahesabu mpaka kumi kisha nitatoka. Nikahesabu mpaka kumi. Nikaanza tena.

"Asubui hii bamama ku bomba banainua bichwa nikipita," Simone alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Nilifikiri ni juu ya furaha. Nilibasalimia bote. Nilibachekea, Polycarpe."

"Simone..."

"Mutu mwenye hana kosa, anasema."

Alingoja. Sote tulingoja. Hata mama aliinua uso.

"Nakupenda," Polycarpe akasema mbele ya baba yangu, neno ambalo kambini hakuna anayelisema mchana. "Ile njo mi naweza kusema. Ingine hapana."

Simone alitoa katika mfuko wa sketi kitambaa kidogo cheupe alichokuwa ametarizi kwa miezi miwili, chenye herufi P pembeni. Alikuwa amenionyesha juzi. Alitaka kumpa baada ya chakula. Alikiweka juu ya karatasi yangu.

"Peleka kwenu. Na sauti yako isiniite tena ku maikrofoni."

Mjomba Mukalay alivaa kofia yake. "Twende, mutoto. Tulikuja kuomba bibi. Hatukuja kuomba kesi."

"Hata maji hamukunywa," mama akasema, akilia.

Polycarpe alikichukua kitambaa. Mlangoni aligeuka. Nilifikiri atamtazama Simone, lakini Simone alikuwa ameshampa mgongo, na mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Kwa hiyo alitazama mgongo wake tu, blauzi ile iliyopigwa pasi mara tatu, kwa muda mrefu, kama anayejifunza kitu kwa moyo. Kisha akatoka juani. Kuku wawili walibaki kwenye chungu. Hakuna aliyewagusa.

Jumatatu msimamizi wa serkle alimnyang'anya maikrofoni. Jumanne asubuhi treni ilimpeleka Fungurume kwa kaka yake, na watu waliomsindikiza walisema amekwisha kutia kidole kwenye kontrakti ya miaka mitatu, kubeba mataruma ya reli. Jumanne mchana watu wa Ngeleka walikuja na mbuzi dume mweusi. Baba aliipokea kamba kwa mkono wake mwenyewe, na kwetu kamba ikishapokelewa maneno yamefungwa. Simone alipoulizwa alisema, "Munipatie yeyote." Akaenda kuchota maji.

Nami? Nilikuwa mtoto mwema kupita kiasi. Nilifua, nilitwanga, nilimpelekea yaya chai aliyoiacha ipoe. Usiku sikulala, nilisikiliza jinsi alivyokuwa akipumua kwa mdomo ili asisikike analia.

Jumatano asubuhi aliniita uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbuzi wa Ngeleka akitafuna kamba yake nyuma yake. Alikuwa na karatasi yangu mapajani. Alikuwa amevimba macho lakini sauti yake ilikuwa shwari, sauti ya kufundishia.

"Mbelu, kuja. Ile mupanda farasi. Alisalimiaka baba mukwe na mukono gani?"

"Ya kushoto," nikajibu upesi, kama mwanafunzi anayejua.

Nikasikia nilichosema.

"Mi nilikuwa benchi ya tatu," akasema. "Alisalimia na mukono ya kuume. Nilifikiri labda machozi ilikuwa inanifunika macho, juu ile fasi nilikuwa nalia. Asubui hii nimeuliza Mama Bilonda. Ya kuume. Nimeuliza batoto ba jirani. Ya kuume. Na Polycarpe alikuwa anasimama mbele, karibu kunipita. Mutu alikuwa mbele hawezi kuandika 'kushoto'."

"Labda... labda Jicho alikosea, yaya."

Alichukua kutoka kikapuni kitambaa cha mfano anachowafundishia kina mama: mtu aliyetariziwa kwa uzi wa buluu, jembe mkono wa kulia. Akakinyoosha mbele ya uso wangu. Kisha akakigeuza nyuma. Mtu yule yule, uzi ule ule, na jembe lilikuwa limehamia kushoto.

"Miaka mbili minaambia bamama: musinionyeshe mbele, munionyeshe nyuma, kule njo naona kazi yenu." Akakikunja. "Nani anaangaliaka filimu kwa nyuma, Mbelu?"

Nilikuwa na uongo tayari. Ninao wakati wote. Bwenini uongo ukihitajika huniita mimi. Lakini alikuwa ananitazama, na ule uongo ukanikauka mdomoni.

"Ni mi," nikasema.

Hakunipiga. Ningependa iandikwe mahali kwamba hakunipiga. Alinishika kifundo cha mkono na kuniongoza ndani kama kipofu, mpaka sebuleni, ambako baba alikuwa anapaka viatu rangi kabla ya zamu yake ya mchana.

"Tata, Mbelu eko na neno."

"Tata," nikasema, nikapiga magoti sakafuni. "Karatasi ya siku ya yenga, ile ya Jumapili. Na zile zote. Si Polycarpe. Ni mi niliandika. Alijua, na alinyamaza juu yangu, juu ya masomo. Munirudishe hata kijijini, lakini mumuite. Tuma mutu Fungurume. Murudishe mbuzi ya bantu. Tata, ni mi."

Baba alipitisha brashi kwenye ncha ya kiatu, mara moja, mara mbili.

"Minajua," akasema.

Nilidhani hakusikia vizuri.

"Barua zako za kutoka shule minazisomaka mara mbili. Ya kwanza juu ya habari, ya pili juu ya kucheka." Akainua uso, na jambo baya kuliko yote ni kwamba alikuwa anatabasamu kidogo, kwa fahari. "Mu kambi yote hakuna mutu mwingine anaweza kuuliza mabusu inawekwa wapi. Tangu karatasi ya kwanza minajua. Nilimuambia Ngeleka: huyu mutoto atakuwa mutu mukubwa."

"Siku ya yenga ulijua?" Simone aliuliza.

Baba aliweka kiatu chini.

"Simone, Ngeleka ni mutu wetu. Atakuchunga."

"Tata. Wakati unamusomea Polycarpe ile karatasi. Ulijua?"

"Sikumufunga mudomo. Niliuliza ni nani. Alikuwa na mudomo, na mudomo ni kazi yake. Alinyamaza mwenyewe." Akavuta kiatu cha pili. "Na neno yangu nilimupatia mama yako: nitamupokea ku nyumba. Nilimupokea."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alifungua mafundo ya khanga yake, akayafunga tena, akarudi jikoni.

Simone alibaki ananyoosha kile kitambaa cha mfano juu ya tumbo lake, anakinyoosha, anakinyoosha. Hakulia. Nilitamani alie. Aliniinua kwa mkono ule ule alionishikia, akanigeuza tukatazamana, karibu, kama siku ile jikoni aliponinong'oneza juu ya benchi na filimu ya mtu peke yake.

"Na weye," akasema. "Nakuuliza kitu kimoja, na usinifasirie. Wakati unaandika ile ya cherehani, ulijua ile mujane ni mi?"

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, alitaka sana kuniamini. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliyetaka kuchekesha watu, basi, angenisamehe ifikapo Krismasi. Lakini niliyakumbuka masaa yote ya likizo zilizopita, tukilala kitanda kimoja, mimi nikimsimulia visa vya bweni mpaka anauma mto asicheke kwa sauti. Na niliikumbuka likizo hii, nikisimulia visa vile vile, naye ameangalia dari, anatabasamu kwa jambo jingine, hata hasikii kwamba nimenyamaza.

"Nilijua, yaya," nikasema. "Nilijua. Njo sababu ya ile niliandika."